Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: Mto Mara upimwe kabla samaki hawajaelea

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kutoka Dar es Salaam, ambako wengi wanaujua Mto Mara kwa picha za nyumbu wakivuka. Kazi yetu ni maji na viumbe vya mitoni, na tuna ombi moja: oksijeni ya mto huu ipimwe usiku na mchana, mwaka mzima, na matokeo yawekwe wazi.

Mara una urefu wa takriban kilomita 395. Unaanzia kinamasi cha Enapuiyapui, kwenye milima ya Mau nchini Kenya, unaingia kwetu kaskazini mwa Serengeti, unapita Kogatende na Mara Mines, kisha unatawanyika ndani ya mafunjo kabla ya daraja la Kirumi na Ziwa Victoria. Humo kwenye mafunjo ndimo samaki wanamokulia na nzohe, swala wa vinamasini, wanamojificha.

Machi 2022 maji ya huko chini yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ilitaja vinyesi na mikojo ya mifugo. Wananchi wengi hawakuridhika. Ubishi ule ungekuwa mfupi kama kungekuwa na kumbukumbu za wiki zilizotangulia. Sumu inaweza kuua samaki huku oksijeni ikiwa bado nzuri. Uozo huimaliza oksijeni kwanza, ndipo samaki wanaelea. Sampuli inayochukuliwa baada ya mizoga kuonekana haiwezi kuonyesha kipi kilitangulia.

Na uozo haukosekani. Kiboko hula majani nchi kavu usiku, mchana hunya majini. Upande wa Kenya pekee kuna viboko zaidi ya 4,000, na watafiti wamekadiria kwamba wanaingiza mtoni kama kilo 36,000 za kinyesi kila siku. Kiangazi mabwawa yao hutulia, tope hurundikana chini, oksijeni ya chini huisha, amonia na salfaidi, ambazo ni sumu kwa samaki, hujijenga. Mvua ya kwanza kubwa huyakumba hayo yote na kuyasukuma kufuata mkondo kwa mkupuo. Ongeza nyumbu: wastani wa 6,250 hivi huzama kila mwaka wakivuka. Mto umeishi na mizigo hii miaka mingi. Hatari huja maji yakipungua huku mzigo ukibaki uleule, na ng'ombe wakiongezeka kingoni.

Upimaji wa mara mojamoja hautoshi. Oksijeni huwa chini kabisa alfajiri, kwa kuwa mimea ya majini hupumua usiku kucha bila kutengeneza nyingine. Afisa anayefika saa tano asubuhi na chupa yake atapata namba nzuri na kuondoka. Chupa yenyewe ikijazwa kwa kumiminiwa, hewa huingia na namba hupanda. Izamishwe, ifurike, ifungwe bila kipovu, na dawa ya kushikilia oksijeni itiwe palepale kingoni.

Tunapendekeza vihisi vya kudumu, yaani vifaa vya kupimia vinavyobaki majini, Kogatende, Mara Mines na Kirumi, vikisoma kila dakika 15: oksijeni, joto, uwezo wa maji kupitisha umeme. Kila kituo kiwe na kihisi karibu na uso na kingine nusu mita juu ya tope, maana maji ya juu yanaweza kuwa salama huku ya chini yamekufa. Pa kufunga ni kwenye nguzo ya daraja lilipo, ndani ya bomba la chuma lenye matundu. Kihisi kinachoning'inia huchukuliwa na magogo ya mafuriko. Kisafishwe kila wiki mbili. Utando wa mwani ukikaa, kinapima pumzi za mwani badala ya mto.

Mtiririko nao, yaani kiasi cha maji kinachopita, upimwe upya kila baada ya mafuriko makubwa, kwa sababu tope hubadilisha sakafu ya mto, na jedwali la zamani la kukadiria mtiririko kutokana na kina huanza kudanganya. Upana wa mto ugawanywe vipande visivyopungua 20. Penye kina kifupi kasi isomwe kwenye asilimia 60 ya kina kutoka juu. Penye kina kirefu, kwenye asilimia 20 na 80. Mtu asiingie majini: kuna mamba na viboko. Tumieni daraja au kamba ya juu.

Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, ujumbe utumwe siku hiyohiyo kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, halmashauri na vijiji vya wavuvi, na sampuli za sumu zichukuliwe kabla maji hayajapita.

Tunaomba kituo cha Kirumi kianze kwanza, kabla ya masika yajayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wataalamu wa maji na viumbe vya mitoni, Dar es Salaam