Baba Krismasi: tuwaambie watoto ukweli mapema

Mhariri,

Desemba ikifika, mzee wa ndevu nyeupe na joho jekundu hujaa madukani, na watoto huuliza: "Huyu yupo kweli?" Wazazi wenzetu Wakristo, msiwadanganye. Kosa kubwa ni kumtisha mtoto kwamba Baba Krismasi anamwona akifanya utundu, maneno yaleyale tunayosema juu ya Mungu. Siku atakapoikuta zawadi chini ya kitanda cha mama, bei bado imebandikwa, atatilia shaka yote mawili.

Anzeni tarehe 6 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikolao, ambaye hadithi ya Baba Krismasi ilitokana naye. Alikuwa askofu wa Mira, katika Uturuki ya leo, karne ya 4. Husimuliwa kwamba usiku alitupia dirishani dhahabu kwa ajili ya mabinti watatu maskini waliokosa mahari (kule ilitolewa na baba wa binti, si kama kwetu). Kisha semeni wazi: yule wa dukani ni mtu aliyevaa nguo za maigizo. Mtoto wa miaka 4 hufurahia mchezo hata akijua ni mchezo.

Juu ya zawadi andikeni "Kutoka kwa shangazi", ajue wa kumshukuru. Na mwambieni asiwatangazie watoto wa jirani. Hilo ni la wazazi wao.

Walimu wa Shule ya Jumapili,
Morogoro