Mtoto akitokwa damu puani, usimwinue kichwa

Kiangazi kikishika hapa Dodoma, upepo na vumbi vikianza, wazazi wengi wanatuuliza kwenye duka letu la dawa: mtoto anatokwa damu puani, tumpe dawa gani? Mara nyingi hahitaji dawa. Anahitaji mtu mtulivu na saa ya kuhesabia dakika.

Damu hii kwa kawaida hutoka mbele, kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua. Vimishipa vingi vinakutana hapo, na ngozi inayovifunika ni nyembamba. Hewa kavu ikiichana, au mtoto akichokonoa kwa kucha, damu inatiririka.

Mkalishe, ainame mbele kidogo. Bana matundu yote mawili kwenye sehemu laini ya pua, chini ya mfupa. Wengi wanabana juu, penye mfupa, na hapo hawazuii chochote. Ahemee mdomoni, damu ikiingia kinywani aiteme. Shikilia dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: baada ya dakika 2 wanaachia wachungulie, damu iliyokuwa inaganda inavurugika, kazi inaanza upya.

Kuinua kichwa na kumwagia maji utosini tumeona kwa wazee wetu, nao walifanya kwa upendo. Lakini damu haikomi hivyo, inashukia kooni. Mtoto anaimeza, tumbo linachafuka, anatapika damu, nyumba nzima inapatwa na hofu. Pamba nayo usisokomeze. Ukiichomoa inabandua kidonda.

Damu ikishakatika, asipenge kamasi siku hiyo. Kwa siku zinazofuata mpake mafuta ya mgando kidogo ndani ya pua, au tumia matone ya maji ya chumvi, na kucha zikatwe.

Tafadhali usipitie kwetu, nenda hospitali moja kwa moja, kama umebana nusu saa na damu bado inatoka, kama amepigwa au ameanguka kichwa, kama ana umri chini ya miaka 2, au kama fizi nazo zinatoka damu. Vivyo hivyo kwa mtu mzima anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Na tundu moja likitoa usaha wenye harufu, huenda mtoto ameingiza shanga au punje ya mahindi. Msiichokoe nyumbani, daktari ana kifaa cha kuitoa.