Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, London, Desemba 2015

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kusaidiana, wazee wetu, akina mama na vijana mliofika,

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na poleni na baridi. Kabla ya yote, naomba tusimame dakika moja tuwakumbuke wenzetu watatu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu.

Ahsanteni. Shughuli za mwaka mnazijua, nyingi mlikuwepo. Misiba mitatu tumeihudumia: miili miwili imesafirishwa nyumbani na mmoja tumeuzika hapa hapa. Futari ya pamoja ilifanyika, nyama choma ya Agosti ilifanyika ingawa mvua ilitukimbiza, na darasa la Kiswahili la watoto linaendelea kila Jumamosi. Makusanyo yalikuwa pauni 6,140 na matumizi pauni 5,870. Mhazini atafafanua.

Sasa nije kwenye jambo lililosemwa kwenye simu, misibani na hata harusini: uamuzi wa Februari wa kuutumia mkutano wa robo mwaka kujadili gharama za askari waliokuwa wakimlinda Julian Assange, mwanzilishi wa WikiLeaks, tovuti iliyotoa hadharani siri za Marekani, asitoroke ubalozi wa Ecuador, na ile barua tuliyoiandika kwa jina la chama. Nimeambiwa nimeingiza siasa, nimewatafutia wageni macho ya polisi, na nimechezea hela ya rambirambi. Nilinyamaza kwa sababu katiba ya chama inasema mwenyekiti hujibu mbele ya mkutano mkuu. Leo ndiyo siku yenyewe.

Nianze na hela. Ukumbi pauni 85, ambazo tungelipa hata kama tungejadili pilau. Chai na maandazi pauni 32. Stempu moja. Barua ilikuwa ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Uhuru wa Habari ya 2000. Ofisi ya umma inapaswa kuijibu ndani ya siku 20 za kazi, na haituulizi tunatoka wapi wala tuna pasi gani. Hakuna senti ya msiba iliyoguswa.

Je, yanatuhusu? Kila mwenye nyumba au fleti hapa London afungue karatasi yake ya kaunsili taksi, kodi ya makazi inayolipwa kwa serikali ya mtaa. Mwaka huu wa fedha, 2015/16, sehemu ya Meya wa London ni pauni 295 kwa nyumba ya daraja D, yaani ya thamani ya kati, na sehemu kubwa yake inakwenda polisi. Unayelipa ni wewe unayeendesha basi usiku, na wewe unayesafisha ofisi alfajiri. Mzee wetu mmoja, ambaye namheshimu sana, alisimama Februari akasema mgeni haulizi mwenyeji anatumiaje mali yake. Nikamjibu, na leo narudia kwa adabu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu jembe tumelishika miaka ishirini. Mwenye jembe ana haki ya kuuliza mavuno yamekwenda wapi.

Na mavuno yenyewe ni haya. Assange aliingia kwenye jengo lile la Hans Crescent, ubavuni mwa duka la Harrods, tarehe 19 Juni 2012. Mwezi uliotangulia Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua apelekwe Sweden kuhojiwa juu ya tuhuma za makosa ya kingono. Kwa kuingia mle aliruka dhamana, na Agosti Ecuador ikampa hifadhi. Tangu siku ile askari walikaa zamu usiku na mchana. Kufikia tarehe 12 Oktoba mwaka huu, siku walipoondolewa, polisi wenyewe walikadiria pauni milioni 12.6. Niligawanya mwenyewe kwa kalamu: ni siku kama 1,210, yaani zaidi ya pauni 10,400 kila siku ya Mungu, Krismasi na Idi zikiwemo. Na hii ni miaka ile ile ambayo polisi wa London walitakiwa wabane matumizi kwa karibu pauni milioni 600, na vituo vingi vikafungwa mwaka 2013.

Kuna waliouliza kwa nini askari wasiingie tu wakamtoa. Nililisoma jambo hili kwa wiki mbili kabla ya mkutano, na naomba juhudi hiyo itambuliwe. Mkataba wa Vienna wa 1961, kifungu cha 22, unakataza askari wa nchi mwenyeji kuingia ubalozini bila idhini ya balozi. Kifungu hicho hicho kinaitaka nchi mwenyeji iulinde ubalozi. Kwa hiyo askari anasimama mlangoni, anamwona mtu wake dirishani, na hawezi kuvuka kizingiti. Uingereza ina sheria ya 1987 inayoruhusu kuivua nyumba hadhi ya ubalozi. Sheria hiyo ilizaliwa baada ya askari Yvonne Fletcher kuuawa kwa risasi iliyotoka ubalozi wa Libya hapa London, Aprili 1984. Serikali iliitaja kwa Ecuador mwaka 2012, dunia ikapiga kelele, nayo ikarudi nyuma. Mimi nasema ilifanya vyema kurudi nyuma. Mlango wa ubalozi ukivunjwa London leo, kesho utavunjwa wa Waingereza mahali pengine.

Ndugu zetu Wakenya walikumbusha Nairobi, Februari 1999, Abdullah Öcalan, kiongozi wa waasi wa Kikurdi wa Uturuki, alipofichwa kwenye makazi ya balozi wa Ugiriki. Yeye alikaa siku chache tu, akatolewa, akakamatwa tarehe 15 na kupelekwa Uturuki. Lakini Kadinali József Mindszenty wa Hungaria, aliyeikimbia serikali ya kikomunisti ya nchi yake, alikaa ubalozi wa Marekani mjini Budapest tangu 1956 hadi 1971. Nilipoitaja miaka hiyo 15, ukumbi ulinyamaza. Kila mmoja alikuwa anapiga hesabu kichwani.

Hoja iliyonigusa ilitoka kwa kijana mmoja, naye naomba nimtendee haki, kwa sababu nilimkata kauli siku ile na sikufanya vizuri. Alisema hizo si gharama za Assange, ni gharama za uamuzi wa polisi. Mtu aliyeruka dhamana husubiriwa. Hawekewi askari wa saa 24 kwa miaka mitatu. Akaongeza kwamba sehemu kubwa ya hesabu ile ni mishahara ya kawaida ya askari, ambao wangelipwa popote walipo, na inayozidi ni malipo ya saa za ziada. Ni kweli. Lakini askari aliyesimama Knightsbridge, kwenye ubalozi ule, hayuko mtaani kwetu, na mshahara wake umetumika. Hapo sikubadilika. Nilichobadilika ni hiki: nilikuja Februari nikitaka tuilaumu Ecuador, nikaondoka nikijua swali letu ni la polisi wetu. Ndiyo maana barua haikumlaumu mtu. Iliuliza mambo matatu: kiasi gani, nani anaamua, na hadi lini.

Wapo waliosema nimemhukumu Assange. Sikumhukumu, na barua haina neno hata moja juu ya tuhuma zake wala juu ya Marekani. Ninachokijua ni dhamana, kwa sababu katika chama hiki tumewadhamini watu. Oktoba 2012 mahakama iliwaamuru watu tisa waliomdhamini walipe pauni 93,500 kwa jumla. Walimwamini, yeye akaingia ubalozini, wao wakatoa pochi. Hilo liliniuma, na aliyewahi kuweka sahihi yake kwa ajili ya mwenzake atanielewa.

Jibu la barua lilikuja, nikalisoma Juni mbele ya watu 11. Oktoba polisi wakatangaza kwamba kuweka askari pale muda wote hakulingani tena na haja, na kwamba watatumia njia nyingine za kumkamata akitoka. Sisemi barua yetu ndiyo iliyowaondoa. Kamishna wa polisi mwenyewe alikuwa ameshalalamika mapema mwaka huu kwamba kazi ile inawamalizia nguvu, na Agosti serikali ilipeleka malalamiko rasmi Ecuador. Ninachoomba kiandikwe kwenye muhtasari ni kwamba chama hiki kidogo kiliuliza swali hilo miezi minane kabla, na kilikuwa na haki ya kuuliza. Nakubali kosa moja: sikuwaomba wanachama waipigie kura barua. Waliokuwepo walikuwa 19, katiba inataka 25, nikaona tukisubiri akidi tutasubiri hadi Kiama.

Hapo ndipo ninapopatwa na uchungu. Waliopinga uamuzi kwa simu walizidi 19. Wangefika, wangenishinda kwa kura, nami ningekubali. Wanachama wetu ni 84. Waliolipa ada yote ya pauni 60 ni 31. Madeni, pamoja na ya miaka ya nyuma, yamefika pauni 4,260. Mwaka huu mara mbili nimetanguliza hela yangu mfukoni ili maiti isicheleweshwe, na mara zote mbili msiba ulikuwa wa mtu mwenye deni. Familia hazikuambiwa, na hazitaambiwa.

Kuhusu mwaka ujao, kamati inatarajia, Mungu akipenda, kupata ukumbi wa bei nafuu, kuongeza mwalimu wa watoto na kuangalia uwezekano wa bima ya msiba. Tarehe zitatangazwa. Uchaguzi ni mwezi wa nne. Mwenye nia aanze kujitokeza, na awe amelipa.

Mhazini anasimama baada yangu kusoma hesabu. Majina ya wanaodaiwa hatayasoma leo. Nimemwomba asubiri hadi mwisho wa Januari.

Mwenyekiti