Kode inaombwa na mtu unayemjua

Bwana Mhariri,

Hapa Lubumbashi, mtu akiibiwa WhatsApp yake, watu husema upesi: "Alijitakia, kwa nini alimpa kode mtu asiyemjua?" Maneno hayo yanamwonea aliyeibiwa, na tena yanawadanganya waliobaki. Mara nyingi kode haiombwi na mgeni. Inaombwa kwa namba ya mwenzako wa kwaya, wa likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu), au ndugu aliyeko Likasi, kwa sababu mwizi amekwisha kuiba akaunti ya huyo kwanza.

Mambo yanakwenda hivi. Mwizi anafungua WhatsApp kwenye simu yake na kuandika namba ya mama fulani. Ujumbe wenye tarakimu sita unakwenda kwa mama mwenyewe. Hapo ndipo mwizi anapomwandikia, kwa akaunti aliyoiba jana: "Mama mdogo, samahani, kode yangu imeingia kwenye namba yako kwa makosa. Nirudishie, niko mbio." Mama anaona jina na picha ya mtoto wa dada yake, anatuma. Mara WhatsApp inamfungia nje, na mwizi yumo katika vikundi vyake vyote. Mazungumzo ya zamani hayaoni, yamebaki kwenye simu ya mama. Lakini anaona namba za wanakikundi, na hizo zinamtosha kumwomba kila mmoja dola 50 za dawa.

Kuna njia nyingine ambayo hata kode haiombwi. Unaambiwa ubonyeze **21* kisha namba fulani na #, eti upate mega (za intaneti) za bure. Kumbe umeelekeza kwa mwizi simu zote unazopigiwa. Yeye anachagua kupokea kode kwa kupigiwa, na sauti ya WhatsApp inamsomea yeye. Ukiwa na shaka, bonyeza *#21# uone kama simu zako zimeelekezwa mahali. Ili kufuta maelekezo yote, bonyeza ##002#.

Kinga ipo, haina malipo, na ni dakika mbili tu. Kwenye simu ya Kifaransa, fungua WhatsApp, ingia Paramètres, Compte, halafu Vérification en deux étapes (uthibitisho wa hatua mbili). Weka tarakimu sita za siri unazozichagua mwenyewe, wala zisiwe tarehe ya kuzaliwa. Tangu hapo, mwizi akipata kode ya ujumbe bado atakwama kwenye zile za siri. Wengi hukosea hapa: wanaruka sehemu ya kuweka anwani ya barua pepe. Ukisahau tarakimu zako na anwani haipo, utangoja siku 7. Anwani hiyo nayo iwe yako kweli, unayoweza kuifungua, si ile aliyokutengenezea muuza simu siku ya kwanza.

Na kama wizi umekwisha kutokea? Usiifute namba, usikimbilie kununua kadi mpya ya SIM. Fungua WhatsApp, andika namba yako ileile, omba kode, iandike. Mara hiyo mwizi anatupwa nje. Programu ikikwambia ungoje kabla ya kupata kode nyingine, ngoja kweli, maana kujaribu ovyo kunarefusha muda. Huenda ukaombwa tarakimu za siri ambazo hukuziweka. Maana yake mwizi ameziweka yeye, na utakaa nje siku 7, lakini naye hayumo tena. Ukirudi ndani, tazama Appareils connectés na uondoe kila kifaa usichokitambua. Hili linasahauliwa sana, ilhali mtu aliyeunganisha kompyuta yake na akaunti yako anaweza kusoma ujumbe wako huku simu yako ikifanya kazi kama kawaida.

Ila kama kadi yenyewe ya SIM imepotea pamoja na simu, anza kwa kampuni ya mtandao. Waifunge na wakupe nyingine yenye namba hiyohiyo, na ubebe kitambulisho.

Kwa likelemba zetu, iwekwe sheria moja: pesa haitumwi kwa maandishi peke yake. Mpigie anayeomba kwa simu ya kawaida, si kwa WhatsApp, umsikie akijibu swali lako. Ujumbe wa sauti si ushahidi, kwa kuwa sauti ya zamani inaweza kutumwa tena. Ukiona namba ya kupokelea pesa si ile ya siku zote, simama hapo. Unite (salio la simu) za dakika moja hazifiki hata sehemu ndogo ya dola 50, na pesa ikishatolewa kabine, kwa wakala wa pesa za simu, ni vigumu sana kuirudisha.

Nawaomba pia wakubwa wa kwaya, wa vyama vya wazazi na wa likelemba, kuanzia komini za hapa mjini za Kenya na Katuba hadi Ruashi, wasibaki na msimamizi mmoja katika kikundi. Wawe wawili au watatu, wanaoaminiana na wenye simu zinazopatikana hata usiku. Akaunti ya msimamizi pekee ikiibiwa, hakuna mwanakikundi mwenye uwezo wa kumtoa mwizi. Wakiwa wawili, aliyebaki anapigiwa simu, na anamwondoa kabla dola ya kwanza haijatumwa.

Msomaji wenu,
Kamalondo, Lubumbashi