Risala ya Wakutubi na Wasomaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Rafu ya Tawasifu, Chake Chake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Afisa Mdhamini, Masheha, wazee wetu, walimu na wanafunzi,

Assalaamu alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe tunakushukuru kwa kuitikia mwito. Tuna neno moja tu: vitabu vya watu wa visiwa hivi waliosimulia maisha yao vipo, ila msomaji havipati. Na sehemu kubwa ya dawa yake ni penseli, gundi na kadi, kabla hatujafika kwenye fedha.

Kwanza namba. Mfumo wa Dewey, wa kupanga vitabu maktabani kwa namba, huweka maisha ya watu 920, historia ya Zanzibar 967.81, fasihi ya Kiswahili 896.392. Mzee aliyekuwa mwalimu, mshairi na mwanasiasa anaweza kuangukia popote hapo, na maisha ya sheikh yakaishia 297 kwenye vitabu vya dini. Kubadili namba zote ni kujitafutia balaa, maana katalogi, yaani orodha ya vitabu, na rafu zitapishana. Kinachofaa ni ukanda wa kijani wa sentimita 2 mgongoni mwa kitabu, usiofunika namba, vitabu vikae rafu moja, na katalogi iseme vilipo.

Kazi hasa imo kwenye majina. Binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 sisi twamwita Bibi Salme. Kitabu chake kilipotoka kwa Kijerumani mwaka 1886 alikuwa Emily Ruete. Katalogi ikimjua kwa Ruete peke yake, anayemtafuta Salme atarudi kwao akisema hakipo. Tippu Tip naye ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akafariki Unguja mwaka 1905. Kompyuta iliyozoea majina ya Kizungu humtia kwenye M. Mpemba atamtafuta kwenye H au T. Lichaguliwe jina moja la kudumu, na kila jina jingine lipate kadi yake ya "tazama", ya kumwelekeza msomaji kwenye jina hilo. Lakabu zisisahauliwe, kwani wapo wazee ambao jina lao la cheti hata jirani halijui.

Jina la kitabu nalo huficha. Anayetaka kujua wachumaji wa karafuu walilipwaje kwa pishi hawezi kukisia kwamba jawabu limo katikati ya maisha ya kadhi. Kwa hiyo kila kitabu kisomwe na penseli mkononi, na kila jambo lipate kadi yenye mahali, kazi, mwaka na ukurasa. Mahali paandikwe kwa shehia ya leo na kwa jina la zamani. Kadi 40 kwa kitabu zinatosha. Zikizidi, hakuna atakayezipekua.

Vikishapatikana ndipo vinadiwe. Barazani baada ya alasiri, kurasa mbili kwa sauti, dakika 10, na kurasa ziwe za mahali wasikilizaji wanapopajua. Palipotajwa mtu kwa ubaya, jamaa zake waulizwe kabla, si baada. Mwanafunzi wa skuli aelezwe kuwa maisha ya Siti binti Saad yaliandikwa na Shaaban Robert, basi huo ni wasifu; tawasifu mtu hujiandikia mwenyewe, na anayejiandikia hujipendelea. Ndiyo maana kwa Mapinduzi ya mwaka 1964 hatukubali kitabu kimoja kikae peke yake kwenye meza ya maonyesho. Viwekwe viwili vinavyopingana, msomaji apime.

Yapo pia madaftari yaliyomo sandukuni majumbani. Pini na stepo zitolewe kwanza, kwa hewa yetu ya bahari hushika kutu na kula karatasi. Selotepu isiguse ukurasa: gundi yake hugeuka manjano na kupenya upande wa pili. Kulaminisha ndiko kubaya zaidi, karatasi hairudi tena ilivyokuwa. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 ukungu huota, na wakati wa masika hupita hapo bila kuuliza. Basi kabati likae mbali na ukuta wa nje. Kila ukurasa upigwe skani kwa nukta 300 kwa inchi, nakala tatu, moja nje ya jengo. Na fomu ya ridhaa isainiwe siku ile ile daftari linapopokelewa: nani asome, kuanzia lini, kurasa zipi zifungwe. Bila fomu, warithi wakigombana daftari hurudi kwao, na kazi yote imepotea.

Tunaomba, Mheshimiwa, kipima unyevu, mashine ya kufyonza unyevu, skana moja na makasha ya karatasi isiyo na asidi. Kwa Masheha tunaomba tangazo tu.

Kwako binafsi tumeweka bahasha. Ndani yake mna fomu ya ridhaa isiyojazwa, na daftari nene tupu, kaunta buku la kwaya mbili.

Tunaomba kuwasilisha.