Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH: Msanii awemo tangu kwenye andiko la utafiti

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni mwigizaji na mtunzi wa michezo ya jukwaani. Nakuandikia wewe kwa kuwa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ndiyo inayotoa vibali vya utafiti nchini.

Sisi wasanii huitwa mwishoni. Utafiti umekwisha, matokeo yameandikwa, ndipo tunapewa karatasi: tungeni igizo la kuelimisha jamii. Tunacheza, tunasaini posho, tunaondoka.

Niliwahi kushiriki mradi wa kichocho kando ya Ziwa Victoria. Ujumbe tuliokabidhiwa ulikuwa mmoja tu: msiingie majini. Katika onyesho la majaribio, mhusika alipotamka hivyo, mama mmoja alisimama na beseni lake la nguo akamuuliza palepale, "Sasa nikafulie wapi?" Wenzake wakadakia. Wakaeleza bomba lilivyokauka, watoto wanaoga saa ngapi, na kwa nini watu wanavikwepa vidonge vya kichocho: ukivimeza na njaa, kizunguzungu hicho! Dodoso halikuwa limewatoa maneno hayo, igizo liliwatoa. Usiku ule tuliyaandika yote, tukawapa watafiti. Ripoti ilipotoka yalikuwemo, tena kwenye sura ya matokeo. Majina yetu hayakuwemo hata kwenye shukrani.

Iliniuma, na bado inaniuma.

Wala hili si geni kwetu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kituo cha Dodoma hakikuurusha hadi 1995, ili watafiti walinganishe. Matumizi ya uzazi wa mpango yakaonekana kupanda zaidi kule mchezo uliposikika. Kilichopimwa pale ni kazi ya watunzi na waigizaji.

Ombi langu: andiko lolote linalotaja sanaa lisipewe kibali mpaka msanii awe ameshiriki kuliandaa, ametajwa kama mtafiti mwenza, na ujira wake umo kwenye bajeti kama wa wenzake. Mkataba useme wazi igizo, wimbo au mchoro ni mali ya nani, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Na miradi inayofadhiliwa na Tume yenyewe ndiyo ianze.

Tuko tayari kuja kukaa na wataalamu wako, hata wiki ijayo, tuandike pamoja vipengele hivyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwigizaji, Bagamoyo