Alama ya msomaji wa foleni

Mkomani, Lamu

Swahiba yangu,

Assalam aleikum. Huku sote wazima, kaskazi imeshika. Mama hajambo hapo Malindi?

Umeniuliza, programu inayosoma foleni ya Kafka, ule mfumo wa kupokea na kuhifadhi ujumbe wa programu, ikizimika katikati ya kazi, ikiwaka tena inajuaje ianzie wapi? Swali hili lilinichoma mwaka jana, basi nakujibu kwa kirefu.

Kusoma ujumbe hakuuondoi. Unabaki pale hadi muda wake wa kuhifadhiwa uishe, na kila ujumbe una namba yake katika kipande chake cha foleni. Namba hiyo ndiyo ofseti. Msomaji, yaani programu yako, huiandikia seva ofseti aliyofikia, kwa jina la kikundi chake cha wasomaji wanaogawana kazi, na akiamka huiuliza. Hiyo ndiyo alama yake. Angalia hapa: kinachoandikwa ni namba ya ujumbe unaofuata. Ukimaliza wa 41, unaandika 42.

Mimi niliuacha uendelee kufanya kazi ule mpangilio wa kujiwekea alama, ambao kwa kawaida huandika kila sekunde 5, programu inapokwenda kuchukua ujumbe mwingine. Kumbe nilikuwa nikichukua ujumbe na kuukabidhi kwa kazi nyingine ya pembeni iwatumie SMS wenye mizigo iliyofika gatini. Alama ikawekwa, SMS hazijatoka, umeme ukakatika. Programu ilipowaka ikaendelea mbele kana kwamba hakuna kilichobaki nyuma. Siku ya tatu akaja mama mmoja gatini kuulizia tenga lake la maembe. Tulipolifungua, ya chini yalikuwa yametota, maji yanachuruzika mpaka kwenye viatu vyangu. Hakunigombeza. Nilitamani angenigombeza.

Karani wa gatini hapigi mkato daftarini gunia likiwa bado begani mwa mchukuzi. Hulisubiri litue. Nami sasa nimeuzima ule mpangilio, naweka alama SMS ikishatoka. Umeme ukikatika kati ya kutuma na kuandika, ujumbe utasomwa mara ya pili, na hilo nalikubali. Ila kila risiti ya mzigo ina namba yake kwenye hifadhidata. Nikiikuta imeshatumiwa, naipita. Upenyo mdogo bado upo, lakini heri mtu apate SMS mbili kuliko akose.

Jingine, usibadilishe jina la kikundi ovyo. Kwa jina jipya seva haina alama yako, na isipoambiwa vingine itakuanzishia mwisho wa foleni. Ya nyuma yote utayaruka. Hata jina lile lile, kikundi kikilala bila msomaji zaidi ya siku 7, alama zake hufutwa kwa mpangilio wa kawaida. Wewe unayefunga kazi mwezi mzima wa Ramadhani, hili likumbuke.

Wiki ijayo nakuja. Andaa ujumbe 100 wa majaribio, programu ikiwa katikati ya kuusoma tuchomoe waya, kisha tuhesabu SMS moja moja.

Wasalimie wote nyumbani.

Swahiba yako